Kadi ya Grafiki kwa Pesa ya Bumu: Pima Mzigo Kabla ya Kununua

Bumu likiingia, kila geto lina kikao chake. Kuna wanaojadili kodi, kuna wanaojadili gesi na mchele, na siku hizi kuna kikao kingine: tununue kadi gani ya grafiki? Kompyuta za ofisi zilizotumika zimejaa mitaani, wengi wetu tunazo, na kila mwenye nayo akishamaliza kuandika kazi za chuo anataka gemu lifunguke bila kukwama. Hapo ndipo pesa zinapopotea. Mtu anaagiza kadi Dar es Salaam, inasafirishwa kwa basi mpaka Tabora, akifungua boksi anakuta kasha la kompyuta yake ni dogo, au waya wa umeme haupo, au skrini haina tundu linaloendana. Muuzaji naye anasema mali ikishauzwa hairudi.

Makala hii ni somo, na nimeipanga kama tunavyopanga andalio sisi wa ualimu: kuanzia kinachojulikana kwenda kigeni, kisha mfano, kisha zoezi. Mfano nitakaoutumia ni kompyuta ya geto letu, ambayo watu watatu tumeichangia. Haichezewi gemu tu. Mmoja wetu anahariri video za mahafali na harusi, na hizo video ndizo zinazosaidia kulipa kodi ya chumba. Kwa hiyo tukikosea kadi, hatupotezi starehe peke yake.

Tahadhari moja kwanza: ninazungumzia kompyuta za mezani. Kwenye kompyuta mpakato nyingi kadi ya grafiki imeshikizwa moja kwa moja kwenye mazabodi na haibadilishwi. Fundi akikuambia "nitakuongezea grafiki" kwenye mpakato wako, muulize mara mbili.

Kadi inafanya kazi gani?

Skrini ya kawaida ya siku hizi ina vidoti 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Zidisha, utapata vidoti 2,073,600. Ukitaka gemu litembee vizuri, picha hiyo yote ichorwe upya mara 60 kwa sekunde, yaani zaidi ya vidoti milioni 124 kila sekunde, na kila kimoja kinahitaji hesabu ya rangi, mwanga na kivuli.

Fikiria mitihani ya kuchagua jibu sahihi, karatasi elfu kumi. Unaweza kuwapa maprofesa wanne wasahihishe, au vijana mia tisa wenye kalamu nyekundu na orodha ya majibu. Maprofesa wana akili zaidi, lakini kwa kazi hiyo vijana watamaliza mapema. Prosesa ni wale maprofesa. Intel i5-4590, ambayo imo kwenye kompyuta nyingi za ofisi za mwaka 2014, ina viini 4. Kadi ya GeForce GTX 1650 ina viini 896 vidogo, vinavyofanya hesabu za aina moja kwa pamoja. Ndiyo maana kadi haiharakishi kila kitu. Kufungua Word au kuwasha Windows si kazi yake.

Swali la kwanza: je, tatizo ni kadi kweli?

Tabora tunaishi kwenye njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa Unyanyembe, ikaendelea hadi Ujiji. Msafara haukuhesabiwa umefika kambini mpaka mpagazi wa mwisho atue mzigo. Gemu nalo linakwenda kwa mwendo wa kifaa kilicho nyuma ya wenzake. Ukimwongezea kasi aliye mbele, hujasaidia kitu.

Kumjua aliye nyuma ni rahisi na ni bure. Fungua gemu, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili uone matumizi ya vifaa. Kama grafiki inagonga asilimia 100 huku prosesa imetulia, unahitaji kadi. Kama prosesa ndiyo iko 100 na grafiki ipo 40, kadi mpya haitakusaidia sana. Jaribio la pili: punguza ukubwa wa picha ndani ya gemu, mathalani kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Fremu zikiongezeka sana, mzigo ulikuwa kwenye grafiki. Zikibaki vilevile, prosesa ndiyo imechoka.

Angalia pia RAM. Kompyuta yenye GB 4 kwenye kijiti kimoja itakwama hata uipe kadi ya bei gani. GB 8 kwa vijiti viwili vya GB 4 ni bora kuliko kijiti kimoja cha GB 8, kwa sababu viwili vinapitisha data kwa njia mbili. Na kama gemu linachukua dakika nzima kufunguka lakini likishafunguka linakwenda vizuri, shida yako ni diski ya zamani, tafuta SSD. Mwisho, kama mchezo unaganda ukicheza na watu wa mbali tu, lakini ukicheza peke yako uko sawa, hiyo ni intaneti. Hakuna kadi inayotibu intaneti.

Swali la pili: pawasaplai itabeba?

Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na mwenye msafara alipaswa kuufunga mzigo kwa kipimo hicho kabla ya kuondoka. Umeme ndani ya kompyuta nao una kipimo. Sloti ya kadi kwenye mazabodi inaruhusiwa kutoa wati 75, basi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo lazima iletewe waya wake kutoka kwenye pawasaplai: waya wa pini 6 unaongeza wati 75, wa pini 8 unaongeza wati 150.

Kompyuta nyingi za ofisi hazina hata mmoja wa waya hizo. Zilitengenezwa kwa ajili ya karani, hazikutengenezwa kwa ajili ya GTA. Kwa hiyo kundi la kwanza la kuangalia ni kadi zinazoishia kwenye sloti tu: GTX 750 Ti (wati 60), GTX 1050 Ti (wati 75), GTX 1650 (wati 75), Radeon RX 6400 (wati 53), na RTX 3050 ya GB 6 (wati 70). Kuwa makini na GTX 1650, kwani baadhi ya watengenezaji wameiwekea tundu la pini 6. Omba picha ya ubavu wa kadi kabla hujatuma pesa. Na RTX 3050 ya GB 8 si sawa na ile ya GB 6. Ya GB 8 inahitaji waya.

Kuna wauza vifaa watakaokupa adapta ya kuunganisha waya za diski ili upate pini 6. Kiwaya kidogo cha diski hakikutengenezwa kubeba mzigo huo. Kinapata moto, plagi inayeyuka, na pawasaplai ikifa vibaya inaweza kuondoka na mazabodi na diski yenye ripoti yako ya mafunzo kwa vitendo.

Swali la tatu: itaingia, na skrini itaipokea?

Makasha ya ofisi yako ya aina mbili hasa. Kuna mnara, unaopokea kadi ya kimo cha kawaida, na kuna kasha dogo linalolala, linalopokea kadi ya nusu kimo tu. GTX 1650 na RX 6400 zinatengenezwa pia kwa nusu kimo, ila kadi ya nusu kimo huwa na bei ya juu kidogo kwa sababu inatafutwa sana. Usipime kimo tu, pima na unene. Kadi nyingi zinachukua nafasi ya sloti mbili, na kwenye baadhi ya makasha madogo sloti ndefu imebanwa na pawasaplai. Chukua rula, fungua kasha, pima urefu, kimo na unene. Ni kazi ya dakika tano.

Halafu matundu ya nyuma. Skrini nyingi tunazonunua kwa bei poa zina VGA peke yake, lile tundu la bluu. Kadi mpya hazina VGA; zina HDMI na DisplayPort. Utahitaji adapta yenye saketi ndani yake ya kubadili ishara ya kidijitali kuwa ya analogi. Ile ya bei ya chini inayobadilisha umbo la plagi tu haitafanya kazi. Iweke adapta kwenye bajeti tangu mwanzo.

Swali la nne: kadi hiyo inafaa kazi yako?

Wafanyabiashara wa misafara walikuwa na shida moja kubwa ya shanga. Rangi iliyopendwa kwa mtemi mmoja ilikataliwa kwa mwingine, na mtu angeweza kujikuta na mizigo ya shanga isiyomnunulia hata kibaba cha mtama. Jina kubwa kwenye boksi la kadi ni hivyohivyo.

Mfano wa kwanza ni GT 1030. Kuna mbili zenye jina moja. Moja ina kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Nyingine ina DDR4 inayopitisha chini ya 17. Boksi ni karibu lilelile, lakini ya pili inaachwa mbali sana kwenye gemu. Usiulize "GB ngapi?" tu; uliza na aina ya kumbukumbu.

Mfano wa pili ni RX 6400. Kwa umeme ni nzuri, haina makuu. Ila ina mambo mawili ambayo muuzaji hatakuambia. Kwanza, inawasiliana na mazabodi kwa njia 4 tu badala ya 16. Kwenye mazabodi mpya za PCIe 4.0 si tatizo kubwa, lakini kompyuta zetu za ofisi za 2013 hadi 2018 ni PCIe 3.0, ambako kila njia inapitisha nusu, na kumbukumbu yake ya GB 4 ikijaa gemu linaanza kushtuka. Pili, haina kiungo cha kutengeneza faili za video. Ukirekodi gemu au ukihariri video, kadi yenyewe haikusaidii kuifunga video ya mwisho. Kazi hiyo inarudi kwa prosesa au kwa grafiki ya ndani. Kwa anayecheza tu, sawa. Kwa anayehariri, hapana.

Swali la tano: ina umri gani uliobaki?

Kadi inahitaji draiva, na draiva zina mwisho. NVIDIA ilitangaza mwaka 2025 kwamba familia ya GTX 750 Ti na ya GTX 10 zote, ikiwemo 1050 Ti, zinaacha kupata draiva mpya za magemu kuanzia Oktoba 2025, na zitabaki na marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. GTX 1650 haimo kwenye orodha hiyo. Hii haimaanishi 1050 Ti yako imekufa. Magemu ya zamani yatacheza kama yalivyocheza jana. Ila kama wauzaji wawili wanakuuzia 1050 Ti na 1650 kwa tofauti ya elfu ishirini au thelathini, tofauti hiyo unanunulia miaka.

Swali la sita: ni ya kweli, na haijachoka?

Kadi feki zipo. Mtu anachukua kadi ya zamani kabisa, kama GTS 450 au GTX 550 Ti za mwaka 2010 na 2011, anaiandika upya programu ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows inadanganyika. Programu ya bure iitwayo GPU-Z haidanganyiki kirahisi. Tangu mwaka 2018 inaandika neno FAKE mbele ya jina ikikamata kadi ya namna hiyo. Dalili nyingine unaiona kwa macho: familia ya GTX 10 haitoi ishara ya VGA, hivyo "1050 Ti" yenye tundu la VGA itilie shaka, hata kama tundu hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta.

Kisha kuna zilizochoka. Kadi nyingi za RX 470, 570 na 580 zilifanya kazi usiku na mchana kuchimba sarafu ya Ethereum, mpaka uchimbaji huo ulipokoma tarehe 15 Septemba 2022 na kadi zikamwagwa sokoni. Kadi ya mgodini si lazima iwe mbovu, ila feni zake zimezunguka sana. Dukani omba kwa adabu: "Kaka, naomba tuiwashe dakika kumi na tano." Endesha FurMark, sikiliza feni, tazama joto na picha. Ikivuka nyuzi 85 haraka, au vikitokea vidoti vya rangi ajabu kwenye skrini, mshukuru na uondoke. Ukinunua kwa simu, omba video ya jaribio hilo hilo, ikionyesha namba ya kadi na karatasi yenye jina lako.

Sasa hesabu ya geto letu

Kompyuta yetu ni Dell OptiPlex 9020 ya mnara, prosesa i5-4590, RAM GB 4, skrini ya VGA. Pawasaplai ni ya wati 290, haina waya wa pini 6. Bajeti yetu ni laki tatu na nusu kwa kila kitu.

Mwenzetu wa gemu alitaka RX 580 ya GB 8 iliyotumika. Hoja yake haikuwa ya kitoto: ina nguvu kuliko GTX 1650, na kumbukumbu yake ni mara mbili. Tukachukua kalamu. Prosesa wati 84, kadi wati 185, vilivyobaki tukavipa 50. Jumla 319. Pawasaplai ni 290. Haibebi. Akasema tubadilishe pawasaplai. Tukafungua kasha: plagi kuu ya Dell hii ina pini 8, siyo 24 za kawaida, kwa hiyo pawasaplai mpya inahitaji na adapta yake. Kadi, pawasaplai, adapta mbili (na ile ya VGA), na RAM bado ni GB 4. Laki tatu na nusu ilikuwa imeisha kabla hatujafika kwenye RAM.

Tukaangalia RX 6400. Wati 84, 53 na 50 ni 187. Inabeba vizuri. Lakini mwenzetu wa video ndiye anayeingiza pesa, na Novemba na Desemba ni msimu wa mahafali. Kadi isiyofunga video, kwake ni pambo. RTX 3050 ya GB 6 ingetupa kila kitu kwa wati 70, ila pesa hatuna.

Tumebaki na GTX 1650 isiyo na tundu la pini 6: 84, 75 na 50 ni 209. Inabeba na kuacha wati 81 za kupumulia. Inafunga video, inapata draiva, na inatosha kwa mpira na GTA V kwenye mpangilio wa kati. Kwanza tunaongeza kijiti cha pili cha RAM cha GB 4, halafu kadi, halafu adapta ya VGA. Kinachobaki kinakwenda kwenye UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kufunga video ya saa mbili, mteja haelewi lugha ya wati. Ukinunua UPS soma wati zake, usisome VA, maana VA siku zote inaonekana kubwa zaidi.

Mwenzetu wa gemu hajafurahi sana, na ana haki. Anachangia theluthi moja ya pesa na anapata kadi ambayo si chaguo lake. Tumekubaliana kitu kimoja cha haki: usiku video zikiisha, kompyuta ni yake, na mapato ya mahafali yakiwa mazuri, hatua inayofuata ni pawasaplai, ambayo itafungua mlango wa kadi kubwa.

Ukishaifunga kadi, kumbuka vumbi letu la kiangazi. Kila baada ya miezi miwili fungua kasha, shika mabawa ya feni yasizunguke, yapige brashi laini. Kadi iliyojaa vumbi inapata joto, na ikipata joto inajipunguzia kasi yenyewe, halafu mtu anadhani inahitaji kubadilishwa.

Zoezi

Kabla hujatuma pesa kwa mtu yeyote, andika kwenye karatasi majibu ya haya: (1) Gemu likiwa limefunguliwa, ni kifaa gani kinagonga asilimia 100? (2) Pawasaplai yako imeandikwa wati ngapi, na ina waya wa pini 6 au haina? (3) Jumlisha wati za prosesa, za kadi unayoitaka, na 50 za vingine; je, imebaki nafasi? (4) Kasha linapokea kimo gani na unene wa sloti ngapi? (5) Skrini yako ina tundu gani? (6) Zaidi ya wewe, ni nani mwingine anaitegemea kompyuta hiyo, na kwa kazi gani?

Ukikosa jibu la swali lolote kati ya hayo, pesa ibaki kwenye simu kwanza. Na kama namba (3) inakuchanganya, njoo na karatasi yako maktaba Jumamosi baada ya saa nne asubuhi, tutaipiga pamoja.